Sekunde Kumi na Tisa za Shangazi Tima

Mikail alikuwa amefika kabla yangu, na hilo peke yake lilinitia hofu. Tangu nimjue mwanaume huyu, hajawahi kufika mahali kwa wakati. Siku ya kwanza aliponialika chakula cha mchana pale mjini Wote, nilimngoja mpaka nikala peke yangu na nikaanza kutafuta maneno ya kumwacha kabla hata hatujaanza. Lakini Alhamisi hiyo, nilipoingia katika hoteli moja ya kando ya barabara kuu pale Salama, nilimkuta ameshakaa meza ya pembeni, mgongo ukutani, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na chai yake imefanya utando juu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Sina njaa."

"Kaa basi. Mbona umesimama ni kama uko kwa ofisi ya chifu?"

Nikakaa. Kile kiti kilikuwa kinaangalia barabara, na kila lori lililopunguza mwendo nililiona ni kama linatutafuta sisi. Nikahamia kiti kingine. Hicho nacho kikaniweka uso kwa uso na Mikail, na macho yake siku hiyo sikuyaweza. Nikahama tena. Yeye akanitazama tu, hata hakunitania, na Mikail asiponitania najua mambo yameharibika.

Tulichagua Salama kwa sababu hapo karibu kila mtu ni mpita njia. Kwetu ni Kathonzweni. Kwao ni Kitui mjini. Wiki hiyo hatukuwa na pa kukaa pamoja katika miji hiyo miwili bila mtu kutuelekezea simu.

Meza ya pili walikaa madereva wawili wa malori wakila ugali na matumbo. Mmoja alikuwa amesimamisha simu yake kwenye chupa ya maji, na ghafla sauti niliyoijua kuliko yangu ikatoka hapo, kali, ya mwanamke mtu mzima:

"Nyama iliyochinjwa na mikono ya hawa, mimi sili. Wallahi sili. Hata ningekuwa sina kitu kingine duniani."

Dereva akaicheka, akaicheza tena.

"Huyu mama afungiwe hiyo hoteli yake kabisa," akamwambia mwenzake. "Anauzia Wakamba pilau na anatuona sisi ni uchafu."

"Si warudi kwao Arabuni?"

"Wewe ngoja. Watu wamekasirika, si mchezo."

Masikio ya Mikail yakawa mekundu. Mikail ana ngozi ya rangi ya maandazi yaliyotolewa mafutani mapema, na akikasirika hawezi kuficha. Kisha akageuka na kuwaomba chumvi kwa Kikamba, Kikamba safi cha Kitui kinachonishinda hata mimi. Dereva akampa chumvi kwa mikono miwili na kumwita ndugu. Mikail akashukuru, akaiweka chumvi kando ya chai, na tukabaki tunaitazama.

Yule mama wa kwenye simu ni shangazi yake, Tima. Ndiye aliyemlea Mikail baada ya mama yake kufariki. Ana hoteli ndogo mjini Kitui, meza saba, na hajawahi kuishi kwingine maisha yake yote. Hizo sekunde kumi na tisa zilirekodiwa nyumbani kwetu, Jumamosi iliyopita, siku ya ntheo yangu. Kufikia Jumatatu zilikuwa zimetazamwa na watu zaidi ya milioni moja. Kufikia Jumanne kulikuwa na watu wa Mombasa wanatukanana na watu wa Machakos, na watu walio ng'ambo wanawatukana wote wawili. Jumatano mtu alirusha kinyesi cha ng'ombe kwenye mlango wa hoteli, na Shangazi Tima akafunga.

Kwa asiyejua mila yetu, ntheo ni mbuzi. Mwanaume analeta mbuzi kwa kina msichana, mmoja anachinjwa, watu wanakula pamoja, na kuanzia hapo msichana ana mwenyewe. Bila ntheo unaweza kuzaa watoto tisa na bado wazee watasema huna bwana. Baba yangu, Mzee Nzau, mzee wa kanisa mwenye msimamo wa chuma, alikataa jambo hili mwaka mzima. Hakumtaka Mwislamu, na kusema kweli hakumtaka mtu wa rangi ile. Mwishowe alilainika, na masharti yakapangwa vizuri: mbuzi watatu watumwe siku moja mbele, lakini kisu akishike Rashid, amu yake Mikail, ili pande zote mbili ziweze kula.

Sasa, ninyi hamumjui mjomba wangu Mbaluka. Mjomba Mbaluka anaweza kuvumilia kila kitu isipokuwa aibu ya mgeni kukaa na njaa. Gari la wageni lilipata pancha njiani, wakapiga simu kwamba watachelewa, na yeye kwa upendo wake wote akaamka, akanoa kisu, akachinja. Wageni wanaingia saa saba mchana, nyama imeiva, inanukia mpaka barabarani, na mjomba anatabasamu anangoja asifiwe.

Ndipo Shangazi Tima akasema alivyosema.

"Ndila," Mikail akaniita. "Nimekuita kwa jambo moja."

"Sema."

"Kuna mtu alirekodi. Pale nyuma ya tenti, upande wa akina mama. Nimeiangalia hiyo kitu mara mia. Hiyo imekatwa. Shangazi hakuishia hapo, mimi nilikuwa hapo! Aliongea tena, akaomba muthokoi yenu ya mahindi na maharagwe, watu wakacheka. Huyo mwenye simu ako nayo yote. Nisaidie tu kumtafuta. Muulize Mbinya alitumiwa na nani."

Mbinya ni binamu yangu wa Nairobi, mwenye wafuasi wengi. Ndiye aliyeiweka mtandaoni.

"Mikail..."

"Sitaki kugombana na yeye. Nataka video tu. Shangazi halali. Jana nimempata jikoni amekaa kwa giza, anasoma vile watu wanamwita. Ati mbaguzi. Ati muuza watumwa. Huyo mama, Ndila, ndiye analisha wale vijana wa stendi siku ya Ijumaa, na wao ndio wamemrushia mavi."

"Mikail, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nilirekodi."

Mhudumu akaja wakati huohuo kuuliza kama ninataka chapati. Nikasema ndiyo, sijui kwa nini. Akaenda. Mikail hakuwa amepepesa macho.

"Jumapili nilikuuliza," akasema polepole. "Nikakuuliza, Ndila, unajua ni nani alirekodi? Ukaniambia hujui."

"Niliogopa."

"Siku nne."

"Najua."

"Siku nne unanipigia asubuhi na jioni, unaniuliza shangazi amekula, shangazi ameamkaje. Ukijua."

Nilimweleza ilivyokuwa, maana ukweli ukishaanza kutoka ni bora utoke wote. Nilirekodi kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha na nilitaka kuhifadhi kila kitu. Nikawatumia binamu zangu kipande kwenye kundi letu la wasichana, na maneno "mama mkwe ameanza", na vikatuni vya kucheka. Nilidhani tutacheka sisi saba tu. Mbinya akakiweka mbele ya dunia akisema tazameni Waarabu wanavyotudharau. Nilipompigia nikilia, aliniambia nimshukuru, amenitoa kwenye mdomo wa mamba.

"Na kwa nini ulikata?" Mikail akauliza. "Kwa nini ulikata hapo kabisa?"

"Bundles za mtandao zilikuwa kidogo. Yote ilikataa kwenda."

Huo nao ulikuwa ukweli. Lakini ulikuwa nusu, na Mikail aliona. Aliniangalia kwa yale macho yake ya rangi ya asali, ambayo yalinifanya nisahau kuhesabu magunia ya ndengu siku ya kwanza alipopita kwenye ghala letu akiuza dawa za kupe. Siku hizo yakinitazama nilikuwa najiona mrembo. Sasa nilijiona mdogo.

"Ipe hapa," akasema.

Nikampa simu na spika za masikioni. Video nzima ni dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi usiku na mchana kiasi kwamba niliweza kufuata kila sekunde usoni mwake bila kusikia chochote. Hapo shangazi anakataa nyama. Hapo anamgeukia Mjomba Mbaluka na kumwambia, baba, usiniwekee moyoni, dini yangu ndiyo imenifunga, laiti kisu angeshika Rashid ningekula mpaka mifupa. Hapo anauliza, na ile muthokoi naisikia harufu yake inatoka wapi? Mikail akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu nifike, na moyo wangu ukaniuma kwa sababu nilijua kinachofuata.

Tabasamu likafa.

Hapo ni baba yangu, ambaye amekuwa akinong'ona chini ya maneno ya shangazi tangu akatae nyama, na sasa anasikika wazi. Amekaa mwisho wa safu ya wazee, karibu nami, hajui ninarekodi, anamnong'oneza jirani yake, lakini simu iko karibu na mdomo wake kuliko wa shangazi: "Hawa babu zao walikuwa wananunua watu. Sasa wao wamekuja kununua kwa mbuzi tatu." Na mara moja, juu kabisa ya kila kitu, kuna kicheko cha mwanamke.

Mikail akairudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akatoa spika masikioni, akaziviringisha kidoleni.

"Huyu anacheka ni nani?"

"Si unakijua kicheko changu?"

"Nakijua," akasema. "Ndicho kilifanya nirudi Kathonzweni mara ya pili, na sikuwa hata na mzigo wa kupeleka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwambia sikumaanisha, nilicheka kwa sababu baba ndiye aliyesema, kwetu baba akifanya mzaha watoto wanacheka. Kila neno lilipotoka nililiona bovu. Mwishowe nikasema lile nililokuja kulisema.

"Nilikata hapo kwa sababu nilisikia sauti ya baba. Nilijua ni mbaya, Mikail. Shangazi yako nilimwona ni kichekesho, lakini baba yangu nikamficha. Ndiyo sababu sikukuambia. Bundles ni kisingizio."

Chapati ikaletwa, ikapoa mbele yetu.

"Huwezi kuweka ile ya shangazi tu?" hatimaye akauliza. "Ukatoe hapo kwa mzee."

"Nimejaribu. Wanaongea pamoja. Ukitoa baba, shangazi anatoka na yeye. Na nikiweka nusu, watu watauliza nusu ingine iko wapi."

"Basi wacha. Zitapita. Watu watapata mtu mwingine wa kutukana."

"Na hoteli?"

Kwenye meza ya pili dereva alikuwa anasoma maoni kwa sauti, anachagua yale makali zaidi. Mmoja alikuwa ameandika namba ya simu ya Shangazi Tima na kuwaomba watu wampigie wamfunze adabu. Mikail akafumba macho.

Nikachukua simu, nikampigia baba. Mikail alinyoosha mkono kunizuia, lakini akaurudisha kabla haujanigusa, na kule kurudisha kuliniuma kuliko angenipiga kofi.

"Nau," nikasema. Ndivyo tunavyomwita baba. "Uko wapi?"

"Niko shambani. Ndengu hizi zimeingia wadudu. Umepatana na huyo kijana wako?"

"Nau, ile video niko nayo yote. Ni mimi nilirekodi. Na wewe uko ndani."

Nilisikia jembe likiwekwa chini.

"Ndani nikifanya nini?"

Nikamwambia alichosema, neno kwa neno. Akajaribu kucheka.

"Ai, Ndila. Hiyo si ilikuwa mzaha?"

"Watu hawakumwuliza Mama Tima kama alikuwa anafanya mzaha."

Upepo ukapuliza kwenye simu yake. Nilimwona akilini mwangu amesimama kati ya mistari ya ndengu na ile kofia yake ya Jumapili iliyozeekea shambani.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Nina miaka sitini na nane. Sijawahi kutajwa vibaya mahali popote."

"Najua, Nau."

"Huyo mama amefunga hoteli kweli?"

"Jana."

Nikasikia jembe likiinuliwa tena.

"Basi usiniulize," akasema. "Ukiniuliza nitakataa. Wewe usiniulize."

Akakata simu. Machozi yalinitoka hapohapo, mbele ya madereva na mhudumu na kila mtu. Baba yangu hajawahi kunipa ruhusa ya jambo lolote maishani bila kulisema kwa sauti ya kanisani, na leo alikuwa amenipa kwa kuniomba nisimuulize.

"Ndila," Mikail akasema, "usiweke kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako. Wewe umeshakasirika. Hata nikiweka, hutanipenda zaidi."

Nikaandika: Mimi naitwa Ndila. Mimi ndiye niliyerekodi na mimi ndiye niliyekata. Hii ndiyo yote. Mama Tima alikataa nyama kwa dini yake, halafu akala muthokoi ya mama yangu sahani mbili. Anayesema juu ya mbuzi ni baba yangu. Anayecheka ni mimi. Nikaiweka kwenye kurasa zangu zote, nikamtumia Mbinya, nikaituma kwenye kundi letu la wasichana.

Dakika tatu hazikuisha kabla simu haijaanza kutetemeka mezani. Sikuisoma yote. Niliyoyaona yalitosha. Mtu alimwambia shangazi pole. Watu kumi wakaniita msaliti wa kabila langu. Mmoja akauliza huyo mzee ni wa kanisa gani, na chini yake mwingine alikuwa ameshalitaja. Dereva wa meza ya pili akasema, "Weee, kumbe!" akamwonyesha mwenzake picha yangu ya ukurasa, kisha wote wawili wakainua vichwa wakanitazama, na yule wa chumvi akamtazama Mikail muda mrefu zaidi na akaanza kuitafuta kofia yake aondoke.

Mikail alikuwa ameshasimama. Aliweka pesa ya chai chini ya kikombe, hakuniangalia, akatoka nje. Nilimwona kupitia mlango akielekea kwenye pikapu yake ya dukani, ile yenye harufu ya dawa za mifugo. Nikajiambia, imekwisha. Nilijua ingeweza kuisha, na bado nilikuwa nimekaa nimeshika tama kama mtu ambaye hakuambiwa.

Simu yake ikalia akiwa ameshika mlango wa gari. Akaitazama, akaipokea, akasikiliza. Kisha akarudi. Alikuja mpaka mezani na kuiweka mbele yangu, spika wazi.

"Ongea naye."

"Mwanangu," sauti ya Shangazi Tima ikasema, ileile sauti, lakini imechakaa kwa kulia. "Nimeona. Rashid amenionyesha."

"Shangazi, nisamehe. Nimekukosea. Mimi..."

"Hayo tutayasema tukikaa. Nina maneno na wewe, usidhani sina. Nisikilize kwanza. Baba yako yuko na nani saa hizi?"

"Ako shambani. Peke yake."

"Ana ile simu ya kuingia mtandao?"

"Anayo. Nilimnunulia Krismasi."

"Ya Rabi. Basi mwendee, mwanangu, mwendee sasa hivi, usingoje jioni. Mnyang'anye simu. Siku ya kwanza utadhani utasoma mawili matatu tu ujue wanasema nini, na ukianza huachi. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia. Mwambie asisome. Na asiachwe peke yake, umenisikia? Mikaili! Mpeleke huyo msichana kwao."

Akakata kabla Mikail hajajibu. Nikainuka, tukabaki tumesimama, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu, na chapati baridi katikati. Nje lori lilipiga honi likaendelea na safari ya Mombasa.

"Umemsikia," akasema.

"Naweza kwenda na gari za Wote."

"Umemsikia alivyosema."

Tukatoka. Jua la saa sita lilikuwa linachoma lami. Alizunguka upande wangu, akaondoa katoni za dawa kwenye kiti, akazitupa nyuma bila kujali zinavyoanguka, na kuniachia mlango wazi. Nikaingia. Akakaa, akawasha gari, akashika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua, Mikail."

Gari likasimama hapohapo likinguruma. Alikuwa anangoja kitu, na mimi sikujua ni nini, nikadhani labda anataka nishuke. Mkono wangu ukaenda kwenye mlango. Ndipo akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asikie kile kicheko.

"Funga mkanda," akasema.